Tuandikieni Sheria ya Kuku wa Uani

Halmashauri za Dar es Salaam ni tano: Jiji lenyewe, lililo Ilala, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ninaziomba zote tano jambo moja ambalo halihitaji mfadhili wala fungu kubwa la fedha. Ziandike sheria ndogo fupi, ya kurasa mbili au tatu, inayosema wazi kwamba kaya iliyoko mjini inaruhusiwa kufuga mitetea wachache uani kwake, na inayotaja masharti ya kufanya hivyo kwa lugha anayoielewa kila mkazi. Isiwe aya iliyochomekwa ndani ya sheria ya usafi wa mazingira, ambamo kuku anatajwa kwa pumzi moja na ng'ombe, nguruwe na maji machafu. Iwe sheria yake yenyewe, ambayo mwenyekiti wa mtaa anaweza kuisoma mkutanoni mwanzo hadi mwisho, watu wakauliza maswali na wakajibiwa jioni hiyohiyo.

Jibu la kwanza ninalopewa kila ninapolitaja jambo hili ni swali: "Mbona watu wanafuga tu? Nani kawakataza?" Ni kweli, watu wanafuga. Pita Tandika, Mbagala, Manzese, Vingunguti, hata Mikocheni nyuma ya kuta ndefu, utawasikia. Ila hao wote wanafuga kwa kuachiwa, na anayeachiwa leo anaweza kubanwa kesho. Jirani akikukasirikia kwa ajili ya mpaka wa ukuta au foleni ya bomba, kuku ndio watakaoshitakiwa kwa mtendaji. Akija mtu na kitambulisho shingoni akakwambia umevunja sheria, huna karatasi ya kumwonyesha, wala huna uhakika kama kweli umeivunja. Unamaliza naye palepale getini, kwa namna ambayo sote tunaijua, na mwezi ujao anakuja mwenzake.

Wasiwasi huo una gharama ambayo watu wa afya wangepaswa kuiona mapema kuliko sisi. Mtu asiyejua kama kuku wake watakuwepo mwezi ujao hatanunua bati na waya wa kujengea banda la maana. Usiku atawaingiza jikoni au uvunguni mwa kitanda, kwa kuogopa mwizi na kwa kuogopa kuonekana. Hapo ndipo watoto wanapolala chumba kimoja na kinyesi, na hapo ndipo vimelea vya salmonela vinapopata njia ya kufika kwenye chungu na kwenye mikono midogo. Uchafu unaotolewa kama sababu ya kuwakataza kuku mjini umezaliwa, kwa sehemu kubwa, na kukosekana kwa ruhusa iliyo wazi. Mpe mtu huyo uhakika wa miaka mitatu uone kama hatajenga banda.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa mtaa ambao suala hili liliibuka bila kupangwa. Mzee mmoja mstaafu alisimama, sauti ikiwa juu, akalalamikia kuku wa nyumba ya pili. Alipotulizwa na kuulizwa hasa kinachomkera, alisema: "Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na kuku. Nina ugomvi na saa kumi alfajiri." Mwenye kuku, mama wa makamo, aliinuka akamwamkia kwanza. "Shikamoo mzee wangu. Jogoo nitamwondoa. Hawa wengine naomba mniachie, ndio mboga ya watoto." Mzee akasema kama ni hivyo yeye hana neno. Watu wakapiga makofi. Mtendaji alikuwa na kalamu mkononi na daftari mbele yake, na hakuandika kitu, kwa sababu hakukuwa na kanuni ambayo angeliandika suluhu ile chini yake. Makubaliano mazuri kuliko yote niliyoyasikia kuhusu kuku wa mjini hayakuwa na pa kukaa. Mpangaji mwingine akihamia nyumba ile, yanaanza upya.

Wazo kwamba mji uliostaarabika haukai na kuku tumelirithi, tena si kwa bahati. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliigawa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini kuanzia Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Wahindi na Waafrika. Hoja iliyotangulizwa kuhalalisha mgawanyo ule ilikuwa afya. Kanuni za miji zilizofuata zilimtazama mkazi Mwafrika kama mtu wa shamba aliyekuja mjini kwa muda, na chochote alichokuja nacho kutoka shamba, iwe jembe au kuku, kikahesabiwa kuwa kero.

Wakati huohuo, hebu tazameni Waingereza walikuwa wakifanya nini nyumbani kwao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mayai yaligawiwa kwa kadi. Familia iliyofuga kuku wake iliweza kuachia mgawo wake wa mayai, na badala yake ikapata mgawo wa chakula cha kuku. Vita vilipokwisha hawakuitupa desturi hiyo. Mwaka 1950 bunge lao lilipitisha sheria kuhusu bustani za kukodi, na kifungu chake cha 12 kinampa mkazi haki ya kufuga mitetea au sungura kwenye ardhi anayoikalia hata kama mkataba wake wa upangaji unamkataza, ilimradi asifanye biashara na asihatarishe afya au kuwa kero kwa wengine. Jogoo hakutajwa. Kifungu hicho ninakirejea kila ninapopata nafasi ya kuzungumza na diwani, kwa sababu kina kila kitu tunachokihitaji: haki, mpaka wake, na jirani aliyekumbukwa.

Sisi wenyewe tuna historia inayotuunga mkono. Mwaka 1974, njaa ilipobisha hodi, nchi ilitangaziwa kilimo cha kufa na kupona, na watu wa mjini walihimizwa washike jembe. Miaka ya 1980 mshahara ukawa hautoshi hata kufikia katikati ya mwezi. Walimu, wauguzi, makarani na wakurugenzi wakaanzisha miradi uani: kuku wa mayai, kuku wa nyama, ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Aili Mari Tripp, msomi wa siasa kutoka Marekani, alikaa Dar es Salaam kuyachunguza haya, na kitabu chake cha mwaka 1997 kinaeleza jinsi watu wa kawaida, kwa kuendelea tu na shughuli zao bila maandamano, walivyoisukuma serikali ibadilishe kanuni zisizotekelezeka. Na kweli ilibadilisha. Mwaka 1992 zilitoka kanuni za kilimo cha mijini chini ya sheria ya mipango miji ya wakati ule, zikamruhusu mkazi kulima hadi ekari 3 na kufuga ng'ombe wasiozidi wanne kwa kuwalisha zizini. Serikali iliyoweza kuukubali uwepo wa ng'ombe wanne mjini haiwezi kushindwa kuwaandikia mitetea sita.

Majirani zetu wametutangulia. Kampala ilitunga kanuni zake za kilimo na mifugo ya mjini mwaka 2006, baada ya halmashauri, watafiti na wafugaji wenyewe kukaa meza moja. Nairobi, ambako kwa miaka mingi askari wa jiji na mfugaji walikuwa paka na panya, bunge la kaunti lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, inayotambua kilimo na ufugaji wa kujikimu na wa biashara ndani ya jiji na kutaka wakazi wa maeneo ya msongamano wafikiriwe kwanza. Haikudondoka kutoka mbinguni. Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilikuwa imefanya utafiti mkubwa kuhusu chakula kinachozalishwa mijini tangu miaka ya 1980, kisha ikawakutanisha wafugaji na maofisa kwa miaka. Kutoka utafiti hadi sheria ilipita takriban miaka thelathini. Sioni sababu ya sisi kungoja muda wote huo wakati njia imeshafyekwa.

Ila tusichukue kila kitu. Kampala iliegemea mno leseni na vibali, na kibali chenye ada na foleni humfanya mwenye kuku watano akae kimya, huku mwenye kuku elfu moja akilipa na kuendelea kama kawaida. Jiji la Seattle kule Marekani lilitaja idadi ya mitetea, likakataza jogoo, likaendelea na mambo yake mengine. Hapo pana la kujifunza.

Sasa nimgeukie jirani, maana bila yeye hoja hii haina miguu. Anayelalamika ana haki ya kulala, haki ya kufungua dirisha lake na haki ya kutoona nzi juu ya wali wake. Watetezi wa kuku tunakosea tunapomwita mwenye husuda au mzungu mweusi. Malalamiko yake karibu yote yana majibu, na majibu hayo yako kwenye ufundi wa banda.

Harufu. Kinyesi cha kuku kikiwa kikavu hakisumbui sana. Kikilowana, kwa mvua au kwa maji ya kunywa yanayomwagika, ndipo hutoa ile hewa kali ya amonia inayochoma macho. Kwa hiyo harufu ni habari ya paa lisilovuja, chombo cha maji kilichoinuliwa ili kuku wasikipindue, na maranda makavu ya mbao sakafuni yanayogeuzwa na kubadilishwa kwa wakati. Mtetea mmoja hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hadi 150 hivi kwa siku. Sita hawafikishi kilo moja. Kilo hiyo ikikusanywa na maranda na kuachwa ioze vizuri inageuka mbolea, na wakulima wa mchicha na matembele wa mabondeni wanainunua kwa magunia. Broila mia tano kwenye banda lililoegemea ukuta wa jirani ni jambo jingine: hapo unazungumzia zaidi ya kilo 50 kwa siku, katika joto la Februari.

Hapa najua nitawaudhi marafiki. Wapo wafugaji wa broila na wa mayai wanaotaka sheria hii iwabebe na wao. Sikubaliani nao, na nadhani tukiwachanganya tutawapoteza madiwani wote siku ya kwanza. Broila mia tano ni biashara, na biashara ina leseni yake, kiwanja chake, umbali wake na mkaguzi wake. Wana haki ya kupiganiwa, tena kwa nguvu, kwa sababu wanalisha jiji hili. Lakini wapiganiwe kwa jina lao. Uchungu wangu ni kwamba kwa miaka mingi kosa la mwenye mia tano limelipiwa na bibi mwenye watano, kwa sababu daftari la halmashauri linawaita wote "mifugo".

Kelele ni jogoo. Mtetea hulia kidogo akishataga, mchana, kisha hunyamaza, na usiku hulala kama mfu. Bado nakutana na watu wazima wanaoamini kwamba mtetea hatagi bila jogoo. Hutaga vizuri tu, ila mayai hayo hayaanguliwi. Na hapo pana hasara ya kweli, kwa kuwa anayefuga kuku wa kienyeji anataka pia vifaranga, anataka kuona mama akifuatwa na wanawe, anataka jogoo wa Idi au wa Krismasi. Kwenye viwanja vya msongamano mkubwa nadhani hasara hiyo inabidi ikubaliwe, na vifaranga au matetea wanunuliwe kutoka pembezoni. Kule Chanika au Bunju, ambako nyumba na nyumba bado zina nafasi, jogoo mmoja hamwamshi mtu asiyetaka kuamka. Wapima ardhi wetu tayari wanavigawa viwanja kuwa vya msongamano mkubwa, wa kati na mdogo. Sheria ndogo iutumie mgawanyo huohuo.

Panya hufuata chakula kilichobaki usiku, kwa hiyo pumba na mashudu vikae kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, na sahani ya kuku iondolewe magharibi. Nzi hufuata unyevu, na unyevu tumeshauzungumza. Kuku wanaozurura na kuchakura bustani ya watu ni kosa la mwenye kuku. Sheria iseme wakae ndani ya uzio na hapo pasiwe na mjadala. Uzio wenyewe hapa kwetu lazima ufunikwe kwa juu, kwa ajili ya kunguru. Ndege hawa weusi waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, wakazaana na kuhamia pwani yote, na kifaranga hachukui muda mikononi mwao. Jiji limeishi nao miaka mingi wakinyea magari yetu na kupora visahani vyetu.

Magonjwa ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ndiyo inayonifanya niitake sheria kwa moyo wote. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauna dawa. Ukiingia mtaani, shingo zinapinda, kuku wanaharisha kijani, na ndani ya siku chache mabanda yamebaki matupu. Kinga ipo. Chanjo ya I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya mazingira ya joto kama yetu, hutolewa kwa tone moja la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi michache, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huizalisha hapahapa nchini. Tatizo lake kwa mtu wa mjini ni dogo na la ajabu: chupa moja ina dozi za mamia ya kuku, na ikishafunguliwa haikai. Mwenye mitetea sita hawezi kununua chupa, akatumia matone sita na kumwaga yaliyobaki, kila mara. Suluhisho ni mtaa mzima kuchanja siku moja, chupa moja ikazunguka nyumba hadi nyumba. Lakini ni nani atakayejitokeza siku ya chanjo ya mtaa kama kujitokeza ni kukiri kwamba una kuku usioruhusiwa kuwa nao?

Fikirini pia mafua ya ndege. Januari 2017 virusi vya H5N8 vilithibitishwa Uganda, kwenye ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha kwa ndege wa kufugwa. Mwaka huohuo serikali yetu iliteketeza vifaranga 6,400 waliokuwa wameingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa sababu ya hofu ya ugonjwa huo. Nchi inayoulinda mpaka wake kwa ukali wa namna hiyo haiwezi kuridhika kutojua kuku wako wapi ndani ya mji wake mkubwa kuliko yote, wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022. England na Wales tangu Oktoba 2024 zinamtaka kila mwenye kuku, hata mmoja, ajiandikishe, na kujiandikisha ni bure. Lengo ni kwamba ugonjwa ukitokea, wataalamu wajue mlango wa kugonga. Daftari la namna hiyo huwezi kulipata kwa kuwinda watu. Unalipata watu wanapoona kuandikwa kunawaletea chanjo na usalama.

Kwa hiyo sheria ninayoiwazia ingesomeka hivi. Kaya iliyoko kwenye kiwanja cha msongamano mkubwa inaruhusiwa mitetea sita, na ya msongamano wa kati kumi, bila jogoo. Msongamano mdogo idadi iongezwe na jogoo mmoja akubaliwe. Banda liwe na paa, sakafu inayosafishika na nafasi isiyopungua mita ya mraba moja kwa kila kuku watano, na lisigusane na ukuta wa jirani wala dirisha la mtu yeyote, wa nyumba hiyo au ya pili. Kuku wasilale ndani ya nyumba ya watu. Wachanjwe mdondo pamoja na mtaa. Wasichinjwe mbele ya barabara, na mzoga usitupwe jalalani wala mtaroni bali ufukiwe au ukabidhiwe kwa maelekezo ya mtaalamu wa mifugo. Kaya ijiandikishe kwa mtendaji wa mtaa bila malipo. Lalamiko lianze kusikilizwa mtaani, mwenye kuku apewe siku kadhaa za kurekebisha kabla ya faini, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka na kuku wa mtu bila hati ya maandishi. Sharti hilo la mwisho ningelipigania kuliko idadi ya kuku yenyewe.

Mtu atasema mitetea sita hawamtoi mtu kwenye umaskini. Hawamtoi, na simdanganyi mtu. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa hiyo sita watakupa wastani wa mayai matano hadi saba kwa wiki. Chotara watazidi hapo kwa mbali. Hayo ni mayai ya watoto kabla ya shule, ya mgonjwa, ya mjamzito. Ni kuku wa kumchinjia mkwe bila kukopa. Na mara nyingi ni mali ya mama mwenyewe, asiyoiombea ruhusa kwa mtu anapotaka kuuza mmoja kwa ajili ya daftari na sare. Kuna mabaki ya ugali na maganda yanayoishia tumboni mwa kuku badala ya kuoza kwenye kifuko tukisubiri gari la taka ambalo halina siku maalumu.

Vipi basi tuwashawishi? Nimetazama jinsi maombi ya wananchi yanavyokufa ndani ya halmashauri, na la kuku lina kifo chake maalumu. Linaangukia kati ya kamati mbili. Ya Uchumi, Afya na Elimu inaona mifugo, ya Mipango Miji na Mazingira inaona kero, na kila moja inadhani ni la mwenzake. Diwani anayelibeba lazima aziombe kamati zote mbili zilijadili, la sivyo litazunguka hadi baraza livunjwe. Sheria ya Mamlaka za Miji, Na. 8 ya 1982, inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wananchi hutangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Hatua hiyo ya maoni wengi wetu hatuitumii. Tangazo hubandikwa ubaoni, linapauka kwa jua, na sheria inapita.

Kazi ianze mtaani, na ianze kwa mlalamikaji. Kabla hujamwona diwani, nenda kwa jirani anayewachukia kuku wako, kaa naye, muulize angependa sheria iseme nini, uiandike. Muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye jina la aliyekuwa akilalamika kati ya waliokubali una uzito kuliko sahihi mia mbili za wafugaji watupu. Mwalike bwana afya aje uani siku asiyoitangaza, aone banda. Mfanye afisa mifugo wa kata awe mwenzenu: mtu huyu amepewa kata nzima, mara nyingi bila hata pikipiki, na daftari la kaya zenye kuku litampa kitu cha kumwonyesha mkurugenzi anapoomba mafuta. Kisha peleka rasimu iliyoandikwa, maana diwani anayeombwa "atufikirie" atafikiria, ila aliyepewa kurasa mbili mkononi ana la kusimama nalo barazani. Viongozi wa mitaa walichaguliwa Novemba 2024, na muda wao wa miaka mitano unakwenda.

Kinondoni na Ubungo zifanye pamoja kama inawezekana. Sinza iko Ubungo na Kijitonyama iko Kinondoni, na itakuwa jambo la kusikitisha mtetea halali wa upande mmoja awe mkosaji akihamishwa na mwenye kuku hatua chache upande wa pili.

Limebaki suala ambalo sheria ndogo peke yake haiwezi kulimaliza, nalo ni la wapangaji. Wengi wa watu ninaowasemea hapa wanaishi kwenye chumba na ua wa kuchangia, na mwenye nyumba akisema hataki kuku, hakuna halmashauri itakayomlazimisha. Waingereza walilitatua mwaka 1950 kwa sheria ya bunge iliyopita juu ya mikataba. Kwetu hilo ni la Dodoma, kwa wabunge na wizara, na sitegemei litafika huko mwaka huu. Kwa sasa ningeomba halmashauri ziweke kifungu kimoja cha hiari: wapangaji wa ua mmoja wakikubaliana na mwenye nyumba kwa maandishi, waruhusiwe kuwa na banda moja la pamoja, idadi ikihesabiwa kwa ua na si kwa chumba, na jina la msimamizi likaandikwa kwa mtendaji. Nyumba nyingi za Uswahilini zina ua wa kutosha banda la namna hiyo, pembeni mwa kamba za kuanikia nguo, na wanawake wa nyumba hizo tayari wanapanga zamu za kufagia na kuchota maji bila kusimamiwa na mtu.